Kikombe chenye Jino la Utoto

Kati ya kale na kikale pana silabi moja tu, na silabi hiyo kaka yangu aliifuta kwa tupa. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaambiwa nilificha hasira. Sijaificha. Ninayo mpaka leo, na sina mpango wa kuitafutia dawa.

Kazi yangu ni kutambua vyombo vya kunywea. Si vyote, ni vile vya mbao vilivyovishwa fedha mdomoni. Nakaa chumba cha nyuma katika nyumba ya mnada, na meza yangu, taa ya kuinama, na lenzi shingoni. Wenzangu wananiita Mama Lenzi, na wapo wanaoapa kwamba ninaoga nayo. Kikombe kikiletwa nakigeuza, nakinusa, nakipima, halafu nasema neno moja kati ya mawili. Cha kale, maana yake kilitengenezwa enzi za mababu, watu wakakinywea, wakafa, chenyewe kikabaki. Cha kikale, maana yake kimetengenezwa juzijuzi kwa mtindo wa zamani, na fundi wake huenda saa hizi yuko kwake anakula chakula cha mchana. Cha kikale si kibaya. Vipo vizuri kuliko hata vya kale. Ila ukikiita cha kale umedanganya, na juu ya kudanganya umemzika fundi angali anapumua.

Hayo sikufundishwa darasani. Wazazi wangu walivitengeneza vikombe hivyo. Baba ni mkereza: mbao inazunguka kwenye kerezo, yeye anaiwekea patasi, maranda yanaruka hadi mlangoni. Mama alikuwa sonara. Baba akimaliza kikombe, Mama alikivisha ukanda wa fedha mdomoni, na ukingo wa chini wa ukanda huo aliukata meno meno kama ya msumeno. Juu ya mlango wa karakana yao, chumba cha mbele cha nyumba yetu, palikuwa na kibao: VIKOMBE VYA KIKALE. Mama ndiye aliyekipaka rangi, na ile KI aliiandika kubwa kuliko herufi nyingine zote, mpaka wateja wakadhani alikosea vipimo.

"Sikukosea," alikuwa akisema. "Nataka hata aliyesahau miwani nyumbani aione."

Tena hakuishia kibaoni. Chini ya kila kikombe, kwenye kisahani kidogo cha fedha alichokipigilia kitakoni, alichonga KI. Hakuweka jina lake. Aliweka KI peke yake, ili asije akatokea mjanja wa kukiuza kama cha kale.

Mahali alipokosea vipimo kweli ni kwenye meno. Mama hakupima. Alikata kwa jicho, akianzia popote na kuzunguka, na kila akikaribia alipoanzia alikuta nafasi iliyobaki haitoshi jino zima. Basi la mwisho likatoka jembamba, limebanwa na wenzake. Ilikuwa hivyo kwa kila kikombe, miaka yote. Baba alikuwa akilitafuta kwa kidole gumba huku anacheka.

"Hili hapa, jino la utoto! Subirini, litang'oka."

Mama anamrushia kitambaa cha kung'arishia, Baba anakwepa, sisi watoto tunacheka. Utani huo ukipita siku bila kupigwa, tulijua wamegombana.

Kikombe cha kwanza kabisa walichotengeneza pamoja hakikuuzwa. Baba alikikereza kwa mbao ambayo haijakauka sawasawa, maana alikuwa na haraka ya kumvutia binti wa sonara, na huyo binti naye akakivisha ukanda wenye jino la utoto baya kuliko yote yaliyofuata. Baba alikinywea maji kila alipoamka, na mdomo aliuweka palepale, juu ya jino lile. "Nakunywa alipokosea," alisema. "Kwingine kote ni kwa ajili ya wateja." Mama alijifanya kuudhika. Hakuwa anaudhika hata chembe.

Mwaka jana Mama alifariki. Haukupita muda mrefu kikombe nacho kikapotea.

Kaka ndiye aliyekuwa akiishi na Baba. Mimi naishi upande wa pili wa mji, nafika siku za mapumziko. Siku hiyo nilipofika, Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekivunja kikombe cha mama yako."

"Umekivunja vipi, Baba?"

"Sijui. Kaka yako anasema nilikiangusha, nikakikanyaga, akafagia vipande mwenyewe, na mimi nimekaa hapo namwangalia. Mimi sikumbuki." Akajigusa paji la uso kama mtu anayebisha hodi. "Hamna kitu humu. Nimepapasa, hamna."

Kaka alinivuta pembeni jikoni, sura imemwanguka, sauti ya chini. Akaniambia Baba anaanza kupotea, anasahau hili na lile, tumvumilie, tusimsumbue kwa maswali. Nililia begani kwake. Nikikumbuka lile bega natamani kulinawa usoni.

Kuanzia hapo Baba hakuligusa tena kerezo. Mtu anayeweza kuvunja kitu kama kile asijue, alisema, hafai kushika chuma chenye makali mbele ya kitu kinachozunguka. Alizifunga patasi zake kwenye gunia akazisukumia uvunguni. Karakana akamwachia Kaka, ambaye maisha yake yote hajawahi kukereza hata mwiko.

Sasa njoo kazini kwangu. Asubuhi moja Bosi aliingia chumbani kwangu ananukia manukato, amebeba sanduku dogo kama amebeba mtoto mchanga. Bosi wangu ni mtu wa maneno laini. Anaweza kukufukuza kazi ukamshukuru.

"Mama Lenzi, mkono wako leo utakuwa na baraka," akasema. "Hiki ndicho kitakachofungua mnada wa Jumamosi. Picha yake imeshakaa kwenye jalada la kitabu cha mnada. Ninachohitaji ni neno lako."

"Umechapisha jalada kabla sijakiona?"

"Nakuamini."

"Kimetoka wapi?"

"Kwa mtu mwenye heshima zake. Hapendi kutajwa."

Alipotoka nikakitoa kikombe. Kilikuwa cheusi tititi, mbao na fedha yake, na bado nilikipenda papo hapo, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikakipima mdomo kwa kile chuma changu cha miguu miwili kinachobana kitu pande zote mbili. Mbao ikikauka hujivuta kwa upande mmoja tu, kwa hiyo kikombe kilichokaa miaka mingi hakibaki duara kamili. Fedha ndiyo inayobaki duara. Hiki kilikuwa kimejivuta vizuri, na kati ya mbao na ukanda palikuwa na upenyo wa kupitisha ukucha. Nikatafuta ulaji wa midomo. Wanaoghushi husugua mdomo mzima, hawajui kwamba mtu ana mahali pake pa kunywea kama alivyo na upande wake wa kitanda. Hiki kilikuwa kimelika mahali pamoja tu, fedha imekonda mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi. Nikasema moyoni, Bosi ana bahati ya mtende. Nikavuta karatasi, nikaandika *cha*.

Nilikuwa nakizungusha mara ya mwisho kidole gumba kikakwama.

Niliinamisha taa. Meno, meno, meno, halafu moja jembamba, limebanwa na wenzake. Na ule ulaji wa midomo ulikuwa juu yake hasa.

Nikakipindua kikombe. Kisahani cha kitakoni kilikuwa laini, hakina kitu, lakini lenzi haina adabu: chini ya ule weusi nikaona mikwaruzo imelala upande mmoja, sambamba, mipya. Mtu alikuwa amepitisha tupa hapo. Alikwangua KI ya mama yangu, akaipaka masizi, akapaka mbao rangi, akaja kuniletea mimi, au alikiingiza kwa mlango wa mbele akiomba Mungu nisiwe zamu.

Mwanzoni sikumfikiria Mama. Nilimfikiria Baba ukingoni mwa kitanda akijigongagonga paji la uso. Kuiba ningeelewa. Wapo watu wameiba mpaka sanda. Lakini Kaka hakutosheka kuiba kikombe. Alimwambia mwenye nacho kwamba amekivunja, akamwachia aihangaikie akili yake mwenyewe, na akamwangalia akiihangaikia, mwaka mzima.

Nilikwenda karakana bila kuaga. Nilipofika niliinua macho kwenye kibao kwa mazoea, nikasimama. VIKOMBE VYA, kisha pengo, kisha KALE. Pengo lilikuwa kubwa, kwa sababu KI ya Mama ilikuwa kubwa. Hata huyo mwizi hakuwa na akili ya kusogeza herufi.

Kaka alikuwa ndani, amevaa fulana nyeupe, anapaka kikombe kingine chai nzito kwa brashi. Kwenye rafu nyuma yake vilipangwa vingine, kazi ya wazazi iliyobaki bila kuuzwa, vimepinduliwa, visahani vinang'aa bila maandishi. Kerezo lilikuwa limefunikwa turubai na juu yake kumewekwa kreti la soda.

"Ee, mgeni rasmi," akasema. "Hata simu hupigi?"

"Kikombe cha Baba kiko mezani kwangu."

Alijaribu kujitia hamnazo. Aliinua nyusi, akafungua mdomo, akaniangalia tena, akaona haitasaidia. Akaweka brashi chini.

"Nilijua ungekiona. Nilimwambia yule bosi wako akipeleke kwa mtu mwingine."

"Kwa nini kile? Umejaza rafu nzima."

"Hivi vipya nani atavinunua kwa bei ya kale? Kile kimetumika. Kimelika kweli. Huwezi kutengeneza kitu kama kile." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemsifu fundi, na hilo likanikera kuliko kama angetukana. "Sikiliza, dada. Usiwake kabla hujasikia. Karakana imekufa. Hakuna anayetaka kikale. Wanataka kale. Ni herufi mbili tu! Herufi mbili zinatukosesha maisha, na Mama alizing'ang'ania utadhani ni watoto wake wa tatu na wa nne."

"Ungemwomba Baba."

"Angekataa."

"Basi ungekiiba ukanyamaza! Kwa nini ulimwambia amekivunja?"

Hapo ndipo alipoangalia pembeni. "Alikuwa anakitafuta kila siku. Anapekua, anauliza, anapekua. Ilibidi nimpe jibu la kumtuliza."

"La kumtuliza."

"Na si alitulia?"

Sijawahi kumpiga mtu tangu utoto, na wakati ule nilikuwa nikimpiga yeye. Mkono uliinuka wenyewe. Nikaushusha juu ya kreti la soda, chupa zikalia, na kutoka chumba cha ndani sauti ya Baba ikauliza kama ni mimi nimefika.

"Ukimwambia utamuua," Kaka alininong'oneza. "Mwangalie kwanza alivyo."

Nilimwangalia. Alikuwa amekonda, amevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nikamsalimia, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia Baba, hukukivunja kikombe. Kipo. Nimekishika leo kwa mikono hii.

Alinitazama kwa upole ambao ulinichoma. Akanipapasa kichwa.

"Umerithi roho ya mama yako," akasema. "Hata yeye alikuwa akinidanganya nisiumie. Usihangaike, mwanangu. Nimeshazoea."

"Sikudanganyi, Baba!"

"Najua, najua." Alisema kama unavyomjibu mtoto aliyeona jini chooni. Mlangoni Kaka alikuwa amesimama, na naapa aliachia pumzi kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Basi nikajua maneno yangu hayatoshi. Mtu ukishamwaminisha kwamba kichwa chake kibovu, ukweli nao anauona ni huruma. Itabidi akishike mwenyewe.

Nilirudi kazini nikamwambia Bosi kwamba kikombe chake ni cha kikale, kimetengenezwa na mama yangu, na ni mali ya wizi. Aliketi. Akachezea kalamu. Akaniambia ananielewa kama binti, lakini jalada limeshachapishwa, wateja wameshaalikwa, na labda huzuni ya msiba inanifanya nimwone marehemu kila mahali. Yupo mtaalamu mwingine ambaye ameshakubali kuandika hilo neno. Mimi nipumzike kidogo, nikakae nyumbani mpaka atakaponiita. Nilitaka kumshukuru, si nilishasema ana maneno laini? Nikakumbuka kwamba nimefukuzwa.

Siku moja kabla ya mnada milango hufunguliwa, watu wakaja kuangalia vitu. Nikamleta Baba. Nilimdanganya kwamba ninataka aone ninapofanyia kazi, na alivaa koti lake la harusi za watu. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanatembea polepole mikono nyuma kama wamezuiwa kugusa, na kweli wamezuiwa. Katikati, juu ya meza yenye kitambaa chekundu, kikombe kilikuwa peke yake na kikaratasi: KIKOMBE CHA KALE, FUNDI HAJULIKANI.

Fundi hajulikani. Alikuwa amesimama mbele yake na koti.

Kaka naye alikuwepo, karibu na nguzo, suti na viatu vinavyong'aa, akisikiliza watu wanavyokisifu. Alipotuona rangi ilimtoka.

"Baba, hebu nishikie hiki," nikasema, nikakichukua mezani nikamtia mikononi. Mlinzi akapiga hatua. Nikamkazia macho mpaka akaghairi.

Baba hakuelewa mwanzoni. Alikitazama kile cheusi kwa adabu, kama anavyotazama kazi ya mwenzake. Lakini mikono yake haikusubiri macho. Kidole gumba kilianza kuzunguka ukanda chenyewe, taratibu, kama kilivyozunguka maelfu ya asubuhi. Kikafika, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena pale pale.

Akakisogeza kikombe kifuani.

"Maji," akasema. "Nipeni maji."

Mama mmoja aliyekuwa karibu alikuwa na chupa kwenye mkoba. Akaifungua bila kuuliza, akamimina. Bosi alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa ofisi akisema tafadhali, tafadhali, na Baba akanywa. Aliweka mdomo juu ya jino la utoto akanywa yote, akakishusha, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Sikukivunja," akasema.

Yule mama akarudisha kifuniko cha chupa.

"Sikukivunja," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akinigeukia mimi. "Kumbe kichwa changu kizima. Mwanangu, unajua nilikuwa nafanya nini kila nikiamka? Nilikuwa natajataja majina. Lako, la kaka yako, la mama yenu. Kabla sijashuka kitandani. Nilikuwa nahakikisha bado ninayo. Nilikuwa naogopa siku nitakayoamka nitaje moja lisije. Mwaka mzima, naogopa kulala kwa sababu ya kuamka!"

Nilimtafuta Kaka kwa macho. Alikuwa ameinamisha uso kwenye ile nguzo kama mtu anayesoma tangazo.

Baba naye alimwona. Alimtazama tangu viatu mpaka suti, muda mrefu. Niliona anavyojumlisha, polepole, bila mtu kumsaidia: nani alisema amekivunja, nani alifagia vipande. Akakipachika kikombe kwapani akaanza kuelekea mlangoni.

"Mzee, samahani," Bosi akasema, "hicho kiko chini ya dhamana ya mnada."

"Ni cha wizi," nikamwambia, "na nilikwambia ni cha wizi, ukaenda kutafuta mtu wa kukwambia vingine. Ita polisi. Tena waite mbele ya hawa wageni wako, nami nitawaeleza kwa kirefu."

Aliwatazama wageni. Yule mama wa chupa ya maji alikuwa amekunja mikono kifuani. Bosi akatabasamu kwa shida, akatupisha njia, na akakiondoa kikaratasi mezani kwa vidole viwili. Hivyo ndivyo nilivyomwaga unga rasmi. Sijutii, ingawa kodi ya nyumba haina habari na majuto.

Nilihamia kwa Baba siku hiyo hiyo. Kaka hakurudi kulala. Baba alitoa gunia uvunguni, akakunjua patasi moja moja, zimeshika kutu kidogo, akazinoa akitukana polepole, matusi ya zamani ambayo sikujua kama anayajua. Alitukana kreti la soda. Alitukana turubai. Vikombe vyote vilivyopakwa chai aliviosha mwenyewe kwa maji moto, na akaniambia nivichonge KI upya kwenye visahani. Nilimwambia mkono wangu si wa Mama. Akasema haidhuru, hata wa Mama haukuwa umenyooka.

Kisha akataka ngazi na kopo la rangi. Nikasema nitapanda mimi. Akanijibu kwamba aliyeambiwa hajiwezi ndiye atakayepanda.

Alikuwa bado yuko chini, brashi mkononi, anapima lile pengo kwa jicho, Kaka alipotokea. Hakuvaa suti. Alikuwa na fulana ileile, imechafuka, macho mekundu. Alisimama hatua chache kutoka kwetu, akachezea vidole kama alivyokuwa akifanya akivunja sahani utotoni.

"Baba," akasema. "Nimekuja. Nimekosa, Baba. Nisamehe."

Baba alimgeukia. Alimkazia macho kwa muda, kwa utulivu, kichwa ameinamisha upande kidogo. Rangi ilikuwa inadondoka kutoka kwenye brashi hadi kiatuni kwake.

"Samahani sana, kijana," akasema. "Wewe ni nani? Uniwie radhi. Mimi ni mzee, nasahau."

Kaka alirudi nyuma hatua moja. Akanitazama mimi nimsaidie. Sikumsaidia.

Baba akaukanyaga mguu wa ngazi kuona kama umekaa vizuri. Halafu akaniita kwa jina langu, na la Mama, na la ukoo wetu, yote matatu kwa mpangilio wake bila kukwama, akaniomba nije nimshikie ngazi apande.